Kalunguyeye wa Nguzo ya Tatu

Nguzo ya tatu ya ghala la zamani ilikuwa na stika ishirini na tatu, na zote nilizikata mimi. Yangu haikuwemo. Au niseme ukweli: haikuwemo mahali ambapo mtu angeiona.

Ghala lenyewe liko mtaa wa Mfaranyaki, nyuma ya mashine ya kusaga. Siku hizi halihifadhi kitu. Mabati yametoboka na milango ilishaondoka, lakini sakafu yake ya nje ni zege la zamani, pana na laini, na upande mmoja kuna mteremko mrefu ambao zamani walisukumia mikokoteni ya magunia. Wakati wa mavuno watu wanaanika mahindi pale. Miezi mingine palikuwa pa kuku, mpaka Remmy alipokuja.

Remmy ni mtoto wa mwalimu aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam. Alishuka kwenye basi na begi moja na skeiti mbili, zile mbao fupi zenye magurudumu manne. Wiki ya kwanza watu walimcheka. Wiki ya pili walipanga foleni kumwomba wajaribu. Mwaka ulipoisha kulikuwa na skeiti tisa pale ghalani, moja ikiwa ya mninga, kazi ya fundi seremala, nzito kama mlango wa kanisa.

Pamoja na skeiti, Remmy alileta desturi. Aliziita desturi, lakini alizisema kama katekista anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza.

"Stika haibandikwi na mtu ambaye hajashuka," alisema.

Kushuka maana yake usimame juu ya skeiti kule juu, uteremke mpaka uvuke mstari wa chaki kule chini, mkono usiguse sakafu, na mashahidi wawili waone. Ukishashuka unabandika stika yako kwenye nguzo ya tatu kwa mkono wako mwenyewe. Usifunike ya mwenzako hata kwa upana wa ukucha. Na stika ya mtu aliyeshuka haibanduliwi, hata kama mmegombana, hata kama amehama. Edwin alihamia Namasakata kwa mjomba wake, analima korosho huko, lakini stika yake ya nyuki ipo palepale, imepauka, na kila anayebandika anaikwepa kwa heshima kama anapita makaburini.

"Na anayebandika tangazo la biashara?" Pankrasi aliuliza siku ile. Pankrasi ndiye mwenye skeiti ya mninga, na hakuna jambo ambalo hawezi kulibishia.

"Tangazo halikai."

"Hata likiwa la msiba?"

"Pankrasi, nani anatangaza msiba kwa stika?"

Mtu pekee aliyekataa desturi hizo alikuwa Bibi Kunegunda. Yeye huanika mahindi yake pale tangu ghala likiwa na milango. Kuanzia Juni mpaka Agosti anakaa kwenye kigoda chake na fimbo ndefu ya kufukuzia kuku, na mwanzoni aliitumia kufukuzia skeiti pia. Baadaye walielewana: yeye aliwaachia njia katikati ya mahindi, nao wakamsaidia kuyaingiza magunia jioni. Siku moja aliwaambia kwamba na yeye anataka stika kwenye nguzo.

"Iandikwe Kunegunda. Nimekaa hapa kuliko ninyi wote."

Remmy alikuna kichwa. "Bibi, tunakuheshimu sana. Lakini mpaka ushuke."

"Nishuke wapi, na magoti haya?"

"Ndiyo desturi, bibi."

"Desturi ya nani? Ya kwenu Dar?" Bibi alitema punje aliyokuwa anaipima ukavu kwa meno. "Haya. Mimi nipo."

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani nikasikia yote. Ukutani ndipo mahali pangu. Nafanya kazi kwenye duka la stika la kaka Calvin, barabara ya kuelekea sokoni. Wateja wetu wakubwa ni bodaboda wanaotaka majina ya watakatifu na timu za mpira. Yeye anapokea oda na kuongea na watu, mimi nachora na kukata, na mpango huo unatufaa wote wawili. Watu wa skeiti walipoanza kuagiza stika, nilipewa kazi ya kuzipeleka. Nilikuwa nafika, nampa mtu stika yake, nasimama ukutani dakika tano ambazo zilikuwa zinakuwa saa nzima, halafu naondoka bila kuaga.

"Lidwina, hebu panda!" Fortunata alinipigia kelele siku moja kutoka juu ya mteremko. Fortunata ni msichana ambaye akianguka anacheka kabla hajafika chini. "Panda hata mara moja!"

Wote waligeuka kunitazama. Macho kumi na manne. Nilikumbuka kwamba nimeacha pasi dukani ikiwaka, nikakimbia. Hatuna pasi dukani.

Sasa, mtu anayetaka kitu na anaona haya kukiomba atatafuta mlango wa nyuma. Nilikuwa na mchoro wangu, kalunguyeye mdogo, yule mnyama wa miiba ambaye ukimgusa anajikunja kama mpira na kukuachia miiba yake uongee nayo. Nilimkata stika moja nzuri, nikamweka ndani ya kava la simu. Akakaa humo miezi mitano. Kila nikienda ghalani nilikuwa naye, na kila nikirudi nilirudi naye.

Halafu siku moja nilikuwa nachora simba wa Remmy. Manyoya ya shingoni yalikuwa mengi, na mkono ukajiendea wenyewe. Katikati ya manyoya nikamweka kalunguyeye, mdogo kama punje ya mchele. Remmy aliipokea stika, akaigeuza huku na huku, akasema ni kali, akaibandika mwenyewe kwa mkono wake juu ya nguzo ya tatu.

Usiku huo nililala vizuri sana.

Nani angeacha hapo? Jogoo wa Pankrasi nilimwekea kwenye kilemba. Taji la Fortunata lina mawe saba, la nne lina miiba. Kuna aliyeagiza sufuria inayofuka moshi, akaenda na kalunguyeye mvukeni. Waliofuata wote walipata wa kwao, na hata waliobandika mapema walinirudishia kazi, kwa sababu jua la ghalani linapausha, na mwenye stika ana ruhusa ya kubadilisha ya kwake. Nikafika stika ishirini na mbili kati ya ishirini na tatu. Ya Edwin peke yake ndiyo sikuigusa.

Sikuona kama ni dhambi, kwa sababu kushuka nilikuwa nashuka. Tatizo lilikuwa mashahidi.

Jumapili mimi nasali misa ya kwanza. Wakati wa misa ya pili Mfaranyaki inakuwa kimya, Bibi Kunegunda yuko kwenye kwaya ya wazee, na Remmy amelala. Pankrasi alikuwa ameniachia skeiti yake dukani nimbandikie stika chini. Kazi ya nusu saa. Alipokuja kuichukua nilimwambia gundi haijakauka.

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumatatu."

Stika zetu hazina gundi ya kukauka. Jumatatu alipokuja tena nilimwambia kona moja imeinuka, na wiki iliyofuata nilimwambia ni baridi ya Julai. Kwa kisingizio cha gundi nilipata Jumapili nne kabla sijamrudishia skeiti yake. Ya kwanza nilianguka mara kumi na moja, na ya pili nikaacha kuhesabu. Ya tatu nilivuka mstari wa chaki nikiwa nimesimama, na ya nne nikaurudia mara sita, peke yangu, na kuku wawili.

Kuku si mashahidi.

Siku ya kukamatwa ilikuwa Jumamosi mchana. Nilifika na stika mpya ya Pankrasi, nikakuta hakuna anayeteremka. Wote saba wa kila siku wamejazana kwenye nguzo ya tatu. Fortunata alikuwa amepiga picha ya taji lake ili aiweke kwenye simu, akaikuza, akaona jiwe lenye pua.

"Kwangu pia yupo!" mmoja alisema. "Huyu hapa, kwenye moshi."

"Mwe! Kwenye kilemba cha jogoo wangu!" Pankrasi alirudi nyuma hatua mbili. "Jamani, hii si bure. Kuna mtu ametuchezea."

"Acha ushamba," Fortunata alisema. "Mchawi gani anachora vizuri hivi?"

Remmy alikuwa ameinama mbele ya simba wake. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Stika hizi zote zinakatwa wapi?"

Sikusubiri wajibu. Niligeuka niondoke, lakini fimbo ndefu ya kufukuzia kuku ilikuwa imelala njiani mbele yangu, na mwisho wake mwingine alikuwa Bibi Kunegunda kwenye kigoda.

"Shikamoo bibi," nilisema.

"Marahaba. Unakwenda wapi? Kesi yako ndiyo kwanza inaanza."

Na kweli ilikuwa kesi. Waliniweka katikati, na Remmy akaanza.

"Lidwina, huyu mnyama ni stika yako?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Umeshashuka?"

Wa kunishuhudia walikuwa kuku wawili tu. Nilitazama viatu vyangu.

"Basi desturi iko wazi. Stika ya ambaye hajashuka inabanduliwa."

"Bandua tu," Pankrasi alisema. "Lakini wa kwangu yuko ndani ya jogoo wangu. Ukimbandua yeye, unabandua na jogoo. Na mimi nimeshuka. Ya mtu aliyeshuka haibanduliwi."

"Lakini ikiwa na ya ambaye hajashuka ndani yake..."

"Ndani yake ni kwangu! Mgeni akiingia nyumbani kwangu bila hodi, utabomoa nyumba?"

"Nitamtoa mgeni."

"Mtoe! Mtoe kwa wembe tuone! Ukikata kilemba cha jogoo wangu, Remmy, tutaonana wabaya."

Walibishana mpaka Bibi Kunegunda akageuza mahindi upande mmoja akamaliza, akahamia upande wa pili. Mwisho Remmy aliinua mikono.

"Sikilizeni. Ama stika zote ishirini na mbili zitoke, zikatwe upya kwingine, nguzo ianze moja, na Lidwina asikanyage tena hapa. Ama ashuke. Leo, mbele yetu. Mara moja tu."

Nilitazama ile nguzo. Miezi yote ya kazi yangu ilikuwa pale, na ule ukuta niliouegemea ulikuwa nyuma yake. Nikiondoka ningepoteza vyote viwili, na dukani ningerudi kukata majina ya timu za mpira maisha yangu yote.

"Atashuka," Fortunata alisema. "Lidu, si utashuka?"

Nilisema neno, hawakulisikia. Nikalirudia.

"Mgeuke."

"Nini?"

"Nitashuka. Lakini mgeuke. Mtazame ukutani, wote."

Pankrasi alicheka mpaka akakohoa. Remmy hakucheka. "Na mashahidi je? Desturi inataka mashahidi wawili. Tukigeuka nani ataona?"

"Mimi nina macho," Bibi Kunegunda alisema.

"Bibi ni mmoja."

"Mwanangu, nina miaka sabini na miwili. Nyinyi mnajiita mashahidi mkiwa na ishirini. Gawanya mwenyewe ujue mimi ni wangapi."

Remmy ndiye aliyegeuka wa kwanza. Wakajipanga ukutani, mahali pangu pa siku zote, nyuso zimeuelekea ukuta. Kwa mara ya kwanza niliona migongo yao yote. Si watu wa kutisha, kwa migongo. Pankrasi ana kiraka kwenye suruali.

"Chukua skeiti yangu," alisema bila kugeuka. "Kama gundi imekauka."

Nilipanda juu ya mteremko. Mahindi yalikuwa yamelala pande zote mbili, manjano mpaka macho yanauma, na njia katikati yake. Karibu na mstari wa chaki bibi alikuwa amerundika fungu kubwa, kimo cha kiuno, tayari kwa magunia. Aliniangalia mara moja, halafu akajifanya anachambua mahindi. Nilimshukuru kwa hilo.

Nikapanda ubao. Nikasukuma.

Skeiti ya mninga ikishaamua kwenda haisikilizi mtu. Nilipita nguzo ya kwanza, nikapita ya pili, magoti yamekunjwa kama nilivyojifunza, upepo wa baridi masikioni. Nilikuwa nashuka vizuri kuliko Jumapili zote. Kisha, hatua mbili kabla ya mstari, gurudumu la mbele likakutana na punje.

Punje moja ya mahindi. Atakayewaambia ni kitu kidogo hajawahi kuikanyaga akiwa juu ya skeiti. Ubao ulikwama kidogo, mimi nikaendelea, mwili ukalala kushoto, na mkono wa kushoto ukazama ndani ya lile fungu la mahindi mpaka kwenye kiwiko. Fungu likanirudisha. Nikasimama tena, skeiti ikavuka mstari wa chaki ikiwa na mimi juu yake, ikaenda hatua nyingine tatu, ndipo nikaanguka mzimamzima katikati ya mahindi yaliyoanikwa, na punje zikaruka mpaka ukutani.

"Msigeuke!" Bibi alipiga kelele. "Mwenye kugeuka ataokota haya mahindi peke yake!"

Hakuna aliyegeuka. Bibi akanyanyuka, akaja mpaka niliponaswa, akanitazama toka juu hadi chini. Nilikuwa na mahindi kwenye nywele.

"Bibi, vipi?" Remmy aliuliza ukuta. "Amevuka?"

"Amevuka."

"Amesimama?"

"Kama mlingoti."

"Mkono je?"

Bibi alitazama mkono wangu. Nikaona anafikiri, nikaona pia kwamba yuko tayari kuniachia. Lakini nimeshaingia mara ishirini na mbili kwa mlango wa nyuma. Nilichoka na huo mlango.

"Umegusa," nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa mpaka nikashtuka mwenyewe. "Mkono umegusa. Umegusa mahindi."

Pale ndipo waligeuka wote.

"Ah," Remmy alisema taratibu. Nadhani alisikitika kweli. "Basi. Mkono usiguse sakafu."

"Sakafu ndiyo," Bibi Kunegunda alisema. "Kwani amegusa sakafu?"

"Bibi, mahindi yako juu ya sakafu."

"Na wewe uko juu ya sakafu. Wewe ni sakafu?"

Fortunata alianza kucheka.

"Nauliza jambo dogo," bibi aliendelea, akachota konzi ya mahindi na kumpelekea Remmy mpaka puani. "Haya ni mahindi au ni sakafu?"

"Ni mahindi, bibi, lakini..."

"Jana jioni mliokuja kubeba magunia niliwapikia nini?"

"Ugali."

"Ulikula sakafu?"

"Hapana, bibi."

"Uliomba uongezewe. Mara mbili."

"Mara tatu," Pankrasi alisema. Tangu lini Pankrasi akaacha ubishi mzuri upite? "Na mimi naunga mkono. Desturi imesema sakafu, haijasema nafaka. Ungetaka nafaka ungesema mwanzoni. Hii ni Ruvuma, bwana, mahindi yana nafasi yake!"

Remmy alitazama nguzo, akatazama konzi ya bibi, akanitazama mimi nikiwa bado nimekaa chini. Mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko, ukashindwa.

"Bandika," alisema.

Nilimtoa kalunguyeye kwenye kava la simu. Alikuwa amekunjika sikio moja kwa kukaa sana. Nilitafuta nafasi ambayo haigusi ya mtu, nikampatia pa kukaa chini kabisa, kimo cha goti, karibu na nyuki wa Edwin. Anayetaka kumwona lazima achuchumae. Walichuchumaa wote saba, zamu kwa zamu, na kila mmoja alitoa maoni kuhusu pua yake, nami sikukimbia. Halafu bibi akatukumbusha kwamba kuna mahindi ya kuokota, punje kwa punje, tukaokota mpaka jua likazama.

Jumatatu Remmy alikuja dukani. Simba wake alikuwa ameanza kuinuka ukingoni, akataka mwingine wa kubandika palepale.

"Na usiniwekee kalunguyeye," alisema. "Ana nafasi yake sasa. Mtu hapewi nafasi mbili."

"Siweki."

"Unaapa?"

"Kalunguyeye siweki," nilisema, na nikamtazama usoni nilipokuwa nasema.

Aliikagua ile stika kwenye mwanga wa mlangoni, manyoya yote, unywele mmoja mmoja. Hakuona mnyama yeyote, akaridhika, akaenda kuibandika kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni nilipita ghalani. Bibi Kunegunda alikuwa kwenye kigoda chake. Nilimsalimia, kisha nikamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, atazame meno ya simba, lile la tatu kutoka kushoto.

Alikwenda taratibu na magoti yake, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia nguzo. Jino la tatu si jino. Ni punje ya mahindi, ya manjano kidogo, na ndani yake nimekata herufi moja, K.

Bibi aliitazama muda mrefu. Halafu akarudi kukaa, akaweka fimbo magotini, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Bibi, unacheka nini?" Remmy aliuliza kutoka juu ya mteremko.

"Sicheki," Bibi Kunegunda alisema. "Punje imeniingia kwenye jino."